Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Jembe

Jinsi makanisa ya Kenya yalivyowasaidia maskini na watu wasio na makao

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako watu wanaoitumia methali hii kwa kumfukuza mgeni, kana kwamba yatufundisha kuwa ukarimu una kikomo. Lakini ukiitazama vizuri utaona ina sehemu mbili, na zote mbili ni wema. Siku mbili za kwanza mgeni hulishwa na kulazwa bila kuulizwa maneno mengi, maana amechoka. Siku ya tatu hupewa jembe, yaani huhesabiwa kuwa mmoja wa watu wa mji. Huenda shambani pamoja na wenyeji, na jioni hula chakula ambacho jasho lake limo ndani yake. Ampaye mgeni jembe siku ya kwanza ni mkatili. Naye amlishaye mwaka mzima bila kumpa jembe amemdharau, ingawa mwenyewe adhani amemtendea mema.

Katika makala haya twataka kueleza jinsi makanisa ya nchi yetu yalivyowapokea maskini na watu wasio na makao, tangu siku za watumwa waliokombolewa pwani hata wakati wetu huu. Hatufanyi hivyo kwa kusifu tu, kwa kuwa yako mambo yaliyokwenda vibaya, nayo yafaa kujulikana. Twafanya hivyo kwa sababu katika kila mtaa na kila kijiji wako watu wanaobisha mlango wa kanisa wakiwa na njaa, au wakiwa wamefukuzwa nyumbani, au wakiwa hawana nyumba ya kufukuzwa. Wazee wa kanisa hutazamana na kuulizana: Tumpe nini? Kwa muda gani? Na baadaye itakuwaje? Maswali hayo si mapya. Waliotutangulia walikwisha kuyajibu, wengine vizuri na wengine vibaya.

Mateka walioteremshwa Kisauni

Mwaka 1873 Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitia sahihi mkataba na Uingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kuyafunga masoko yake. Hata hivyo majahazi mengine yaliendelea kuwachukua watu kwa siri, na manowari za Kiingereza zikawa zikiyakamata. Lakini mara mateka walipofunguliwa minyororo lilitokea swali gumu: wapelekwe wapi? Wengi wao walikuwa wamechukuliwa kutoka nchi za mbali, kama zile zilizo karibu na Ziwa Nyasa, na wengine walichukuliwa wakiwa wadogo hata wasikumbuke njia ya kwao. Kama wangeachwa pwani bila mlinzi, hapana shaka wangalikamatwa tena. Walikuwa watu huru, lakini hawakuwa na mahali pa kukaa. Na mtu huru asiye na makao, uhuru wake ni mfupi.

Mwaka 1874 chama cha wamisionari wa Kanisa la Kiingereza, yaani CMS, kilimtuma Mchungaji W. S. Price kuja Mombasa. Bwana huyu alikuwa na ujuzi wa kazi hiyo, kwa kuwa zamani aliwatunza huko Nasik, katika Bara Hindi, Waafrika waliookolewa baharini. Ardhi ilinunuliwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Kisauni, na mji mpya ukaitwa Freretown, kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa kufanya mapatano na Sultani. Mwezi wa Septemba 1875 waliteremshwa hapo mateka zaidi ya 200 kwa safari moja.

Kilichofanyika Freretown kilikuwa zaidi ya kugawa chakula na nguo. Watu walipewa viwanja vya kujenga na sehemu za kulima. Watoto walifunguliwa shule. Waafrika waliotoka Nasik, ambao wenyewe waliwahi kuwa mateka, ndio waliokuwa walimu na mafundi. Wengine walijua useremala, na wengine uhunzi. Mgeni aliyefika uchi na mwenye hofu alimwona mbele yake mtu mweusi kama yeye, aliyetoka katika shida ile ile, akisoma kitabu na kushika randa. Somo kama hilo halihitaji maneno mengi. Tena palikuwa na kengele ya kuwatahadharisha watu hatari ilipokaribia, na hata leo mahali pale paitwa Kengeleni.

Lakini si yote yaliyokuwa mema. Mji ule ulitawaliwa na wamisionari kama shamba la bwana mmoja. Aliyekosa aliadhibiwa, na adhabu zenyewe zilikuwa kali, hata watu wakapigwa mijeledi. Mwaka 1881 malalamiko juu ya mapigo hayo yalichunguzwa na wakuu wa Kiingereza, na jambo lile likawa aibu kubwa kwa chama kilichokuja kuwafungua watumwa. Kosa lilikuwa nini? Wakuu wa mji waliwapa watu chakula, nyumba na kazi, lakini hawakuwapa nafasi katika shauri. Aliyesaidiwa alibaki kuwa mtu wa kuamriwa. Msaada wa namna hiyo hufanana na kamba ndefu: mbuzi hula majani mengi, lakini ni mbuzi aliyefungwa.

Watoro wa Rabai

Kiasi cha maili 15 kutoka Mombasa, juu ya vilima, iko Rabai, ambako Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walianzisha kituo cha misheni mwaka 1846. Miaka ya 1880 mahali hapo palijaa watu wa namna nyingine. Hawakuletwa na manowari. Walikuwa watumwa waliotoroka mashamba ya pwani kwa miguu yao wenyewe, wakasikia kwamba Rabai kuna watu wasiouza watu. Walifyeka pori, wakajenga vibanda, wakalima mahindi na mihogo, wakajilisha.

Mmoja wa viongozi wa kanisa la Rabai wakati huo alikuwa William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Bara Hindi. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimweka katika daraja la ushemasi pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Jones aliwajua watoro, maana aliijua hali yao katika mwili wake mwenyewe.

Mwaka 1888 wenye mashamba waliwadai watumwa wao kwa hasira, na hatari ya vita ikawa karibu. Walipohesabiwa, watoro walionekana kuwa zaidi ya 1,000. Kuwarudisha kungalikuwa kuwarudisha katika minyororo. Kuwakataa wenye kuwadai kungalileta damu. Mwisho wake Bwana George Mackenzie, wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alipatana na mabwana wao kuwalipa fedha, na tarehe 1 Januari 1889 watu wale walipewa hati za uhuru hapo Rabai.

Wasomaji watauliza, kanisa lilifanya nini hapo, ikiwa fedha zilitoka kwingine? Jibu ni kwamba kanisa lilifanya jambo lililotangulia fedha. Liliwaacha wale watu wakae. Miaka kadhaa kabla hati haijaandikwa, mtoro aliyefika usiku aliweza kupata jirani, na asubuhi akaonyeshwa pori la kufyeka. Siku mbili alikuwa mgeni. Siku ya tatu alipewa jembe. Ndiyo sababu siku wenye mali walipokuja kudai, hawakukuta kundi la ombaomba la kutawanywa, bali walikuta kijiji chenye mashamba, chenye watu wanaojuana kwa majina, na chenye mtetezi wa kusema kwa ajili yao.

Mitaa ya Nairobi

Karne iliyofuata shida ilihama, ikaenda mjini. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na hasa baada ya msako mkubwa wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, maelfu ya watu waliwekwa kizuizini. Huko mashambani watu walihamishwa kwa nguvu, wakakusanywa katika vijiji vipya. Mume akiwa kizuizini, mke akiwa kijijini, mara nyingi watoto walikuwa hawana pa kushika. Wengine waliingia mjini kutafuta chakula, wakalala chini ya vibaraza vya maduka.

Baraza la Makanisa lilikuwapo tangu 1943, nalo lilijaribu kutia mkono katika kambi na katika mitaa. Katika mtaa wa Pumwani, ambao ni mmoja wa mitaa ya kwanza ya Waafrika mjini Nairobi, kituo cha Mtakatifu Yohana kilianzishwa na CMS mwaka 1957. Pumwani ni mtaa wenye Waislamu wengi, walio na desturi yao njema ya zaka, na wenye watu wa makabila yote. Basi kituo cha kanisa kilichojengwa mahali kama hapo hakikuweza kuuliza kila anayebisha hodi kama amebatizwa. Watoto walioacha shule walifundishwa, vijana wakafunzwa kazi za mikono, na akina mama wakapata mahali pa kukutana na kujifunza. Kazi hiyo iliendelea baada ya Uhuru, chini ya uongozi wa Wakenya wenyewe.

Mwaka 1973 padre mmoja Mholanzi, Arnold Grol, aliwatazama vijana waliokuwa wakizurura mjini Nairobi, wakiongoza magari mahali pa kuegesha ili wapewe senti. Watu waliwaita chokora, neno linalomfanya mtoto kuwa kama kitu kilichookotwa jaani. Padre huyo aliwaendea huko huko barabarani, usiku na mchana, akazungumza nao, na kazi aliyoianza ikawa Chama cha Undugu. Jina lenyewe lasema yote.

Chama hicho kilitambua upesi kwamba kumpa kijana wa barabarani mkate ni rahisi, na kumrudisha katika darasa la watoto wadogo ni vigumu, kwa sababu yeye ni mkubwa na ana haya. Kwa hiyo masomo ya shule ya msingi yalifupishwa yakawa ya miaka michache, na baada yake kijana akafunzwa kazi ya ufundi. Tena walitambua kwamba mtoto hukimbilia barabarani kwa sababu nyumbani hapakaliki. Katika miaka ya 1980 chama kilishirikiana na wenyeji wa vijiji vya Kitui, Kinyago na Kanuku, katika upande wa mashariki wa mji, kujenga upya nyumba zao za miti, udongo na mabati. Wenyeji wenyewe walitia kazi. Hawakujengewa nyumba kubwa za mawe, ambazo baada ya mwaka mmoja zingalinunuliwa na matajiri, na maskini akarudi kibandani. Walijenga nyumba za kiasi chao, wakakaa.

Hapo pana fundisho kwa kila halmashauri ya kanisa inayotaka kujenga. Nyumba ya maskini ikizidi uwezo wake wa kuitunza, haitakuwa yake muda mrefu.

Ua wa Eldoret

Yako makao yanayokosekana kwa sababu ya umaskini, na yako yanayokosekana kwa sababu ya chuki. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu wa Bonde la Ufa walichomewa nyumba na kufukuzwa mashambani. Kama ilivyo desturi, walikimbilia makanisani. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilitiwa moto huku wakimbizi wamo ndani, na watu wengi wakafa, hasa wanawake na watoto. Siku ile Wakenya walifahamu kwamba kuta za kanisa hazina uwezo wa kumlinda mtu kama majirani wake wamekwisha kumtoa katika hesabu ya majirani.

Mjini Eldoret kwenyewe, maelfu ya watu, wapatao 10,000 kama ilivyosemwa, walijazana katika ua wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Askofu wao alikuwa Cornelius Korir. Yeye alikuwa Mkalenjin, na wengi wa waliomkimbilia walikuwa Wakikuyu. Kuwapokea kulikuwa kusimama mbele ya watu wa kwao na kusema hapana. Aliwapokea. Wakapata chakula, maji, mahali pa kulala, na ulinzi wa jina lake.

Hizo zilikuwa siku mbili za mgeni. Lakini siku ya tatu ilikuwaje? Mkimbizi hawezi kuishi daima uani pa kanisa, wala hawezi kurudi shambani ikiwa jirani yake yuko mpakani na panga. Askofu Korir na wasaidizi wake waliwaendea wazee wa kila upande mmoja mmoja kwanza, halafu wachache kwa wachache, halafu kijiji na kijiji. Walipokwisha kukubali kuketi pamoja, walitakiwa wachague kazi moja ambayo pande zote mbili zaihitaji: barabara, daraja, josho la ng'ombe, au shule. Watu wanaochimba mtaro mmoja hawana budi kusemezana, hata kama ni kuulizana sururu tu. Polepole nyumba zikajengwa tena. Askofu huyo alifariki mwaka 2017, na watu wa makabila yote walimlilia.

Yafaa kutazama mpango wa kazi yake. Chakula kilitangulia, amani ikafuata, na nyumba ikaja mwisho. Kama angalijenga nyumba kabla ya amani, zingalichomwa mara ya pili.

Bibi na wajukuu wa Kitui

Mfano mwingine wahusu yatima. Ugonjwa wa Ukimwi ulipoenea katika miaka ya 1980 na 1990, watoto wengi walifiwa na baba na mama. Mwaka 1992 Padre Angelo D'Agostino, wa shirika la Wajesuiti, alifungua nyumba ya watoto mjini Nairobi iitwayo Nyumbani, kwa ajili ya watoto wenye virusi waliokuwa wametupwa. Wakati huo dawa za kupunguza nguvu za ugonjwa hazikupatikana kwa maskini, na watoto wengi walikufa mikononi mwa walezi.

Baadaye shirika hilo hilo liliona jambo jingine. Yatima hakukosa mama tu. Mara nyingi bibi yake naye alikosa mtoto wa kumtunza uzeeni. Hao wawili walikuwa na upungufu unaofanana. Basi katika Kitui, kwenye ardhi ya ekari zipatazo 1,000, kilianzishwa kijiji mwaka 2006. Nyumba moja hukaa bibi au babu mmoja pamoja na watoto wapatao kumi, wengine wakiwa wajukuu wake wa damu na wengine wakiwa wamewekwa chini yake. Wana shamba, wana mifugo, wana shule. Mtoto akitoka shule hurudi nyumbani kwa bibi, wala si katika bweni lenye vitanda hamsini.

Twalitaja jambo hili kwa sababu linahusu makanisa mengi leo. Kwa miaka mingi kanisa lililotaka kuwasaidia yatima lilijenga nyumba ya watoto, likaandika jina lake juu ya lango, na wageni wakaja kupiga picha. Watoto walikula na kusoma, hilo hatukatai. Lakini wengine walitolewa kwa jamaa zao waliokuwa hai, kwa sababu tu jamaa hao walikuwa maskini. Na walipofika miaka 18 walitoka langoni bila shamba, bila ukoo, wala mtu wa kusimama upande wao siku ya kuoa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 na mpango wa Serikali wa kurekebisha malezi vyataka mtoto alelewe katika jamaa kila inapowezekana. Makanisa mengine yameona hili kuwa shambulio juu ya kazi yao njema. Sisi twaona si hivyo. Shilingi ile ile inayomlisha mtoto katika bweni yaweza kumlisha kwa shangazi yake, na shangazi huyo ataendelea kuwa shangazi hata fedha za wafadhili zitakapokwisha.

Hesabu ya gorogoro

Labda msomaji atasema, hayo yote ni kazi za maaskofu na mashirika makubwa. Kanisa letu la mabati lina watu wachache, nao ni wakulima. Basi na tufanye hesabu.

Tuseme kanisa lina nyumba 200. Kila nyumba ikileta gorogoro moja ya mahindi kwa mwezi, yaani kilo mbili hivi, jumla itakuwa kilo 400, ambazo ni zaidi ya magunia manne ya kilo 90. Mtu mmoja akihesabiwa nusu kilo kwa siku, jamaa ya watu watano yahitaji kilo 75 kwa mwezi. Kwa hiyo gorogoro zile zitalisha jamaa tano mwezi mzima, na masalio ya kilo 25 yatabaki kwa mgeni wa ghafula. Hakuna hata nyumba moja itakayohisi kwamba imepungukiwa. Wala haikuandikwa barua hata moja ya kuomba fedha ng'ambo.

Jambo hili haliwezekani pasipo daftari. Hapa makarani wana kazi yao. Kanisa lenye fungu la maskini lisiloandikwa hupata maradhi mawili: uvumi kwamba wazee wanakula mahindi, na upendeleo, ambao ni mbaya kuliko uvumi. Aandikwe aliyetoa na kiasi alichotoa; aandikwe aliyepokea, ni kwa sababu gani, na ni lini hali yake itatazamwa tena. Hesabu isomwe mbele ya watu kila robo ya mwaka. Lakini majina ya waliopokea yasisomwe. Hayo yabaki kwa wazee wawili au watatu wenye kufunga midomo. Mtu akijua kwamba shida yake itatangazwa ibadani, atakaa na njaa nyumbani.

Nani atajua ni nani mwenye njaa? Katika Kanisa Katoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki waliokutana Nairobi mwaka 1973 waliazimia kuzitia nguvu jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani nyumba chache za jirani zinazokutana kila juma. Makanisa mengine nayo yana vikundi vyao vya mtaa na umoja wa akina mama. Hao ndio macho ya kanisa. Padre hawezi kujua kwamba jiko la fulani halikuwashwa moto kwa siku mbili, lakini mwanamke anayeteka naye maji atajua.

Makosa yatupasayo kuyaepuka

Kosa la kwanza ni kuwasaidia walio wetu tu. Kanisa lina haki ya kuwaanza watu wake, kama vile baba awaanzavyo watoto wake. Lakini chakula kikitolewa kwa sharti la kujiunga, hicho si chakula tena, ni chambo. Na samaki aliyevuliwa kwa chambo hampendi mvuvi.

Kosa la pili ni kutoa bila kutazama mbele. Mtu aliyepewa shilingi mlangoni kila Jumapili kwa miaka mitano amefundishwa kazi, nayo ni kazi ya kukaa mlangoni. Haifai kumlaumu yeye. Afadhali mzee mmoja wa kanisa aende naye hadi anapolala, aone hali yake, aulize ana ufundi gani, ana jamaa wapi, ana ugonjwa gani. Mara nyingi itaonekana kwamba haja yake kubwa haikuwa shilingi. Yamkini ahitaji kitambulisho, maana asiye nacho haandikwi kazi wala hafunguliwi hesabu benki. Yamkini ni mjane aliyefukuzwa shambani na shemeji zake, naye ahitaji mtu anayejua sheria wa kumwandikia barua na kwenda naye kwa chifu. Karani anayetoa saa mbili za Jumamosi kwa kazi hiyo ametoa zaidi ya gunia.

Kosa la tatu ni baya kupita yote. Wako wahubiri wanaomwahidi maskini kwamba akileta senti zake za mwisho atarudishiwa mara mia. Mwenye kodi ya chumba huitoa kodi. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba huufunga mlango, na mtu huyo pamoja na watoto wake huwa nje. Kanisa la namna hiyo haliwasaidii wasio na makao, bali laongeza hesabu yao. Waumini wana akili. Na waiulize fedha yao imekwenda wapi.

Mambo matatu ya kupimia

Kwa kuyatazama haya yote tangu Freretown hata Kitui, twaweza kuona kwamba msaada uliodumu ulikuwa na mambo matatu. Kwanza, ulianza kwa kumpokea mtu upesi, bila masharti, maana mwenye njaa hawezi kungoja halmashauri ikutane. Pili, ulimpa kazi au ujuzi unaolingana na nguvu zake. Na kwa mzee au mgonjwa asiyeweza kushika jembe, ulimpa watu wa kukaa nao. Tatu, ulimpa nafasi ya kusema. Hili la tatu ndilo lililokosekana Freretown siku za mijeledi, na ndilo lililoonekana Eldoret wazee wa pande mbili walipoulizwa wao wenyewe wachague daraja lijengwe wapi.

Basi wazee wa kanisa watakapokutana baada ya mavuno kushauriana juu ya fungu la maskini, twawashauri waite mkutanoni mtu mmoja au wawili waliosaidiwa mwaka uliopita, si kuja kushukuru, bali kuja kutoa shauri. Wao wajua ni msaada gani ulifika kwa wakati na ni upi ulichelewa, nani aliona haya kuomba, na ni nyumba ipi mtaani ambayo moshi wake hauonekani jioni. Wapewe kiti kama wengine, na majibu yao yaandikwe katika daftari pamoja na hesabu ya mahindi.